Mizunguko 89,680: kisa cha Boeing 737-200 iliyopoteza paa juu ya Hawaii

Picha ya ndege hii ikiwa imesimama kwenye uwanja wa Kahului, kisiwani Maui, imezunguka dunia nzima, na wengi wanaoitazama huona kitu kimoja tu: ndege isiyo na paa. Itazame tena polepole. Bati limeondoka kuanzia nyuma kidogo ya mlango wa mbele wa abiria hadi karibu na mabawa, urefu wa takriban mita 5.5. Upande wa kushoto limechanika mpaka usawa wa sakafu. Upande wa kulia limekatika kwenye usawa wa madirisha, na ukanda wa madirisha uliobaki umevimba kuelekea nje. Viti vipo mahali pake. Chini ya viti hivyo, ambako picha haifiki, mihimili 5 ya sakafu iliyofuatana ilikuwa imevunjika kabisa, na kichwa cha ndege kilikuwa kinashikiliwa na kile kidogo kilichosalia.

Ndege yenyewe ni Boeing 737-200, usajili N73711, ya 152 kutoka kwenye mstari wa uzalishaji wa 737. Aloha Airlines waliipokea ikiwa mpya mwaka 1969. Kazi yake ilikuwa kuvusha watu kutoka kisiwa kimoja cha Hawaii hadi kingine, asubuhi mpaka usiku. Tarehe 28 Aprili 1988, siku ilipopasuka, ilikuwa na saa 35,496 za kuruka na mizunguko 89,680. Mzunguko mmoja ni ndege kuruka, kujazwa presha, kushuka na kutolewa presha. Gawanya namba hizo mbili utapata wastani wa dakika 24 kwa kila safari. Kisa chote kimo humo.

Umri wa ndege unahesabiwa kwa nini

Boeing walipoibuni 737 waliweka makadirio ya maisha yake ya kibiashara: miaka 20, saa 51,000, mizunguko 75,000. Ipime N73711 kwa vipimo hivyo vitatu. Kwa saa ilikuwa imetumia asilimia 70 tu, yaani bado mbichi. Kwa miaka, asilimia 95. Kwa mizunguko ilikuwa imefika karibu asilimia 120. Ni ndege ileile, siku ileile.

Kinachochosha bati la ndege ni presha, wala si saa za kukaa angani. Ndege inapopanda, hewa ya ndani hubaki nzito kuliko ya nje, na mwili mzima hutanuka. Ikishuka, hunywea. Katika 737 tofauti ya presha ikiwa kamili ni takriban pauni 7.5 kwa kila inchi ya mraba. Mwili wake una kipenyo cha mita 3.76. Zidisha presha kwa nusu ya kipenyo na utaona kwamba kila mita moja ya kiungo kinachokwenda kwa urefu wa ndege inavutwa kwa nguvu ya karibu tani 10, mataruma (mbavu za ndani za mwili wa ndege) yakiachwa nje ya hesabu. Bati linalobeba mzigo huo lina unene wa inchi 0.036, yaani chini ya milimita moja.

Ndege inayokwenda saa 8 kutoka bara moja hadi jingine hutanuka mara moja katika saa hizo. Ya Honolulu hadi Maui, hadi Kauai, hadi Hilo na kurudi, hutanuka mara kadhaa kabla ya chakula cha mchana. Ni kweli kwamba safari fupi hazikufika juu sana, kwa hiyo si kila mzunguko ulikuwa wa presha kamili, na wachunguzi walilizingatia hilo. Hata hivyo kwa idadi ya mizunguko N73711 ilikuwa ya pili duniani kati ya 737 zote, na ndege zilizochuana nayo kwa namba hizo zilikuwa za shirika hilohilo.

Sasa angalia ratiba ya ukaguzi. Ukaguzi mkubwa kuliko wote, ule wa kufungua ndege na kuingia kwenye muundo wake, Boeing walishauri ufanyike kila baada ya saa 20,000. Aloha walijiwekea saa 15,000. Kwa karatasi, Aloha walikuwa wakali zaidi ya mtengenezaji. Lakini Boeing walifika kwenye saa 20,000 wakikadiria mizunguko kama 1.5 kwa saa, yaani mizunguko 30,000 kati ya ukaguzi mmoja na mwingine. Saa 15,000 za Aloha, kwa wastani wa mizunguko 2.5 kwa saa, ni karibu mizunguko 38,000. Ratiba iliyoonekana kali ilikuwa imelegea.

Tena ukaguzi huo haukufanywa kwa mkupuo. Uligawanywa vipande 52 na kufanywa kidogokidogo usiku, ndege zikiwa zimetoka kazini jioni na zikisubiriwa alfajiri. Mzunguko mzima wa vipande hivyo ulichukua miaka 8. Kugawa kazi hivyo si kosa kwa ndege iliyo nusu ya maisha yake. Kwa iliyopita makadirio yake, maana yake ni kwamba hakuna siku ambayo fundi mmoja aliiona yote ikiwa imevuliwa, kiungo cha juu na cha pembeni kwa pamoja, akasema hapa kuna ugonjwa wa mwili mzima.

Kiungo chenyewe

Mwili wa 737 umejengwa kwa mataruma ya duara yaliyopangwa kila inchi 20, fito zinazokwenda kwa urefu kutoka mbele hadi nyuma, na mabati yanayofunika juu. Fito zimepewa namba kuanzia juu kabisa ya paa kwenda chini kila upande, kushoto na kulia. Bati moja linapoishia na jingine kuanza, la juu hulala juu ya la chini kwa upana wa inchi 3, na hapo hupigwa safu tatu za ribiti, yaani pini za kubana mabati. Viungo vinavyohusika hapa ni vya fito ya 4, juu kwenye paa, na ya 10, pembeni juu ya madirisha.

Katika ndege 291 za kwanza za 737, kiungo hiki hakikutegemea ribiti peke yake. Kati ya mabati mawili kiliwekwa kitambaa chembamba kilicholoweshwa gundi ya epoksi, gundi ya kukauka yenyewe katika joto la kawaida. Nia ilikuwa gundi ibebe mzigo na kuusambaza sawasawa kwenye upana wote wa inchi 3, ribiti zikisaidia tu. Ikishika vizuri, ni kiungo bora kuliko cha ribiti tupu, kwa sababu hakuna tundu linalobeba mzigo wa peke yake.

Shida ni namna ya kuitengeneza. Kitambaa kile kilihifadhiwa kwenye baridi kali ili gundi isianze kukauka kabla ya wakati. Kikitolewa, unyevu wa hewa huganda juu yake. Kikibandikwa na unyevu huo, hakishiki. Kikiachwa nje muda mrefu, gundi huanza kukauka kabla ya mabati kukutana, nayo pia haishiki. Bati lenyewe lisiposafishwa kwa kemikali ipasavyo, tabaka lililo juu yake humeguka baadaye na gundi ikabaki imeshika kitu kisichokuwepo. Matokeo yalikuwa viungo visivyofanana: hapa gundi imeshika kama chuma, nusu mita mbele haijashika kabisa, na kwa nje huwezi kutofautisha.

Pale gundi isiposhika, hubaki mwanya mwembamba. Maji huingia. Hawaii ni maji ya chumvi pande zote, na ndege inalala nje kwenye upepo wa bahari. Kutu ya alumini ni unga mweupe unaochukua nafasi kubwa kuliko metali iliyoliwa, kwa hiyo ikishaanza ndani ya kiungo huyasukuma mabati yaachane, na gundi nzuri iliyo jirani nayo hubanduka. Hapo mzigo wote, zile tani 10 kwa kila mita, unahamia kwenye ribiti.

Na ribiti hizo hazikuandaliwa kwa kazi hiyo. Ili mwili wa ndege uwe laini na upepo upite bila kukwama, vichwa vya ribiti vilizamishwa ndani ya bati: tundu hutobolewa kwa umbo la faneli, kichwa kikakaa humo. Lakini bati lenye unene wa inchi 0.036 ni jembamba mno kwa kichwa hicho. Faneli ilipita unene wote wa bati, na ukingo wa chini wa tundu ukabaki mkali kama wembe. Mahali pakali namna hiyo ndipo ufa wa uchovu wa metali huzaliwa.

Safu ya juu ndiyo iliyoumia. Bati la nje linafika kwenye kiungo likiwa na mzigo wake wote, na safu ya kwanza kukutana nao ni hiyo ya juu. Safu ya kati hupata kidogo. Ndiyo maana fundi anayekagua kiungo cha aina hii huanza na safu ya juu ya bati la nje, na jicho lake huenda kushoto na kulia kwa kila ribiti, kwa sababu ufa hutoka kwenye tundu kwenda mbele na nyuma, kuelekea tundu jirani.

Boeing walijua mapema kwamba gundi ya baridi ina matatizo. Kuanzia ndege ya 292 waliiacha, wakaongeza unene wa bati kwenye kiungo na kutumia lakiri ya kuzuia maji badala ya gundi. Kwa zile 291 za mwanzo walitoa waraka wa kiufundi mwaka 1972 kuhusu kubanduka na kutu, wakaurekebisha mwaka 1974. Agosti 1987, baada ya nyufa kuonekana kwenye ndege kadhaa, waliupandisha daraja kuwa wa tahadhari.

Mikanda iliyotakiwa kuokoa

Mtu anaweza kuuliza: kwani mbunifu hakuwaza kwamba bati litapasuka siku moja? Aliwaza. Ndani ya bati la 737 kuna mikanda ya alumini iliyobandikwa kila inchi 10. Ufa ukianza kukimbia kwa urefu wa ndege, ukifika kwenye mkanda unatakiwa kugeuka kwa pembe mraba, ukate bati kwa kuzunguka, na kipande kifunguke kama mlango wa bahasha. Presha inatoka kwa tundu lenye ukubwa unaojulikana, barakoa za oksijeni zinashuka, ndege inatelemka, watu wanafika. Boeing waliwahi kulijaribu hili kwa kuchoma visu kwenye mwili wa ndege uliojazwa presha, na muundo ulitakiwa kustahimili ufa wa hadi inchi 40.

Jaribio hilo lilikuwa la ufa mmoja kwenye bati zima. N73711 haikuwa na ufa mmoja. Ilikuwa na nyufa ndogondogo kwenye tundu moja baada ya jingine, kila moja fupi, nyingine hazionekani kwa macho, zote kwenye mstari mmoja. Wachunguzi walipochukua kipande cha kiungo cha fito ya 4 upande wa kulia kilichobaki na ndege, walikuta nyufa karibu kwenye kila tundu la safu ya juu. Ribiti ziko takriban sentimita 2.5 moja kutoka nyingine. Nyufa mbili fupi zikikutana, zinakuwa ufa mrefu kwa ghafla, na unaofuata tayari umeanza kukatika. Ufa haukimbii tena: unafunguka kama zipu. Ukifika kwenye mkanda, bati la upande wa pili nalo limeshachoka, kwa hiyo hauna sababu ya kugeuka. Na baadhi ya mikanda yenyewe ilikuwa imebanduka kutoka kwenye bati.

Hapa ndipo somo la uhandisi la kisa hiki lilipo, na kwa maoni yetu ni kubwa kuliko habari ya kutu. Kinga iliyobuniwa kwa ufa mmoja haifanyi kazi kwa ugonjwa ulioenea.

Agizo la kukagua kiungo kimoja

Mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, iliuchukua waraka wa tahadhari wa Boeing na kutoa agizo la lazima, lililoanza kutumika Novemba 1987. Waraka wa Boeing ulizungumzia viungo vyote vya aina hiyo. Agizo la FAA lililazimisha kiungo cha fito ya 4 tu, kushoto na kulia, kwa sababu huko ndiko nyufa zilikuwa zimeripotiwa. Vingine viliachwa kwa hiari ya shirika.

Aloha walifanya ukaguzi wa fito ya 4 mwezi huohuo wa Novemba. Walipata nyufa, wakaziba kwa mabaka, ndege ikarudi kazini. Fito ya 10 haikuwa kwenye agizo. Kwa hitimisho la uchunguzi, mpasuko ulianzia kwenye kiungo cha fito ya 10, upande wa kushoto, mbele.

Na hata fito ya 4 iliyokaguliwa bado ilikuwa na nyufa ambazo mkaguzi alitakiwa kuzikuta. Ripoti ya bodi ya uchunguzi wa ajali, NTSB, haikuishia kumlaumu fundi. Ilieleza kazi yenyewe ilivyo. Mkaguzi yuko juu ya mgongo wa ndege, usiku, wakati mwingine amefungwa kamba kwenye paa la karakana asianguke. Mkono mmoja una taa. Kwa kipimo cha mkondo wa edi, kinachotambua ufa kwa umeme bila kuuona, anabeba pia mita na kidude cha kupitisha juu ya bati. Anakagua ribiti moja, hakuna kitu. Ya pili, hakuna kitu. Baada ya mamia ya ribiti zisizo na kitu, akili huanza kutarajia kwamba inayofuata nayo haina kitu. Aliyewahi kukagua chochote kwa mamia anaijua hali hiyo.

Boeing wenyewe walikuwa wamezitazama ndege za shirika hili mwaka 1987. Waliona kutu na mabaka, wakashauri zisimamishwe kwa siku 30 hadi 60 zivuliwe na kukarabatiwa muundo mzima. Kwa shirika dogo lenye ndege chache zinazoruka siku nzima, kusimamisha moja mwezi mzima ni kukata safari zilizokwisha kuuzwa.

Saa 7:46 mchana

Siku ya tukio rubani msaidizi wa zamu ya kwanza alizunguka ndege kwa nje kama saa 11 alfajiri, bado giza, na hakuona tatizo. Ndege ikafanya safari tatu za kwenda na kurudi kutoka Honolulu, kwenda Hilo, Maui na Kauai. Rubani msaidizi akabadilishwa kama saa 5 asubuhi, nahodha akabaki. Taratibu hazikuwataka marubani wakague ndege kwa nje kati ya safari, na hawakukagua. Ikaenda Maui, kisha Hilo. Pale Hilo abiria mmoja akiingia aliona ufa mrefu kwenye bati karibu na mlango wa mbele, kwenye safu ya juu ya ribiti za kiungo cha fito ya 10. Hakumwambia mtu. Alilieleza baada ya ajali.

Waliruka Hilo saa 7:25 mchana kwenda Honolulu, watu 95 ndani: abiria 89, wahudumu 3, marubani wawili, na mwongoza ndege wa FAA aliyekaa kiti cha ziada chumba cha marubani. Rubani msaidizi Madeline Tompkins ndiye aliyekuwa anarusha. Walipofika futi 24,000 kukasikika kishindo na upepo. Nahodha Robert Schornstheimer aligeuka nyuma. Mlango wa chumba chao haukuwepo tena, na pale palipokuwa dari ya daraja la kwanza aliona anga la bluu.

Mhudumu Clarabelle Lansing, aliyekuwa na miaka 37 kazini, alikuwa amesimama karibu na safu ya 5. Alitolewa nje kwa nguvu ya hewa, na mwili wake haukupatikana. Ni yeye pekee aliyefariki. Taa ya mikanda ya viti ilikuwa bado inawaka kwa sababu ndege ndiyo kwanza ilikuwa inamaliza kupanda, na abiria wote walikuwa wamefunga. Dakika chache baadaye, watu wakiwa wamesimama kwenye ujia, hesabu ingekuwa nyingine kabisa.

Nahodha alichukua usukani, akafungua breki za mabawa na kutelemka kwa noti (maili za baharini kwa saa) 280 hadi 290, futi 4,100 kwa dakika, kwa sababu kwenye futi 24,000 bila presha mtu hana muda mrefu wa kuwa na akili timamu. Kelele za upepo zilikuwa kubwa kiasi kwamba marubani walielewana kwa ishara za mikono. Walichagua Maui. Walipokaribia kutua, kuna uamuzi mmoja unaostahili kuangaliwa: mabawa ya nyuma, yale yanayoshushwa ili ndege iende polepole, waliyaacha kwenye nafasi ya 5, wakaja kwa noti 170, karibu kilomita 315 kwa saa, ilhali kutua kwa kawaida kwa ndege hii ni kama noti 130. Chini ya noti 170 nahodha alihisi ndege inaanza kutotii. Ndege iliyopinda katikati huwezi kuijaribu mara ya pili, kwa hiyo alibaki kwenye kasi ambayo alijua inashika.

Injini ya kushoto ilizimika njiani, nyaya zake za udhibiti zikiwa zimekatika. Kujaribu kuiwasha hakukufaa. Taa ya kijani ya tairi la mbele haikuwaka, hivyo hawakujua kama tairi limefunga au litakunjika likigusa chini. Lilikuwa limefunga. Walisimama salama saa 7:58, dakika 12 hivi baada ya kishindo. Majeruhi walikuwa 65, wanane wakiwa na majeraha makubwa. Kisiwa kilikuwa na magari machache mno ya wagonjwa, na baadhi ya majeruhi walipelekwa hospitali kwa mabasi madogo ya watalii.

Kipande cha bati chenye fito ya 10 kilianguka baharini na hakikupatikana. Ndiyo maana kumekuwa na nadharia mbadala, ile ya mhandisi wa vyombo vya presha aliyedai kwamba tundu la kwanza lilifunguka dogo kama lilivyobuniwa, kisha likazibwa kwa mhudumu kuvutwa humo, na mshtuko wa hewa iliyozuiwa ghafla ndio uliong'oa paa. Inafikirisha, lakini NTSB haikubadili hitimisho lake, na kwa hali ya kiungo cha fito ya 4 kilichopatikana hatuoni haja ya kuitafuta sababu nyingine mbali.

Kilichobadilika

Ripoti ya Juni 1989 iliweka chanzo kwenye mpango wa matengenezo wa Aloha, ulioshindwa kugundua kubanduka na uchovu wa metali, na ikataja pia usimamizi wa FAA na ufinyu wa agizo lake. Mjumbe mmoja wa bodi, Joseph Nall, aliandika kutokukubaliana kwake kuhusu namna lawama ilivyogawanywa. Ndege nyingine mbili za shirika hilo zilipofunguliwa baada ya tukio zilionekana hazina faida kukarabatiwa, zikakatwa chuma chakavu.

Tiba ya kiungo ilikuwa rahisi na ya kuchosha: ribiti za safu ya juu zenye kichwa kilichozamishwa zitolewe, tundu lipanuliwe kuondoa ufa mdogo ulioanza, na ziwekwe za kichwa kinachochomoza nje. Kichwa hicho hukaa juu ya bati, kwa hiyo faneli na ukingo wake wa wembe vinaondoka. Iliwekwa mizunguko 50,000 kama kikomo cha kufanya hivyo. Upepo unakwama kidogo zaidi, mafuta yanaliwa kidogo zaidi.

Marekani ilipitisha sheria ya usalama wa ndege kuukuu mwaka 1991, na baadaye kanuni ya uchovu ulioenea ikawalazimu watengenezaji kutaja, kwa mizunguko au saa, kikomo ambacho baada yake ushahidi wao wa uhandisi hauitoshi tena ndege hiyo.

Tarehe 1 Aprili 2011 kiungo cha fito ya 4 kushoto kilipasuka tena, safari hii kwenye Boeing 737-300 ya Southwest iliyotoka Phoenix kwenda Sacramento, futi 34,000, ikiwa na mizunguko 39,781. Chanzo kilikuwa kingine: bati la paa lilikuwa limebadilishwa vibaya likiwa bado kiwandani, matundu hayakukaa sawa. Tundu lilikuwa na urefu wa kama mita 1.5, ndege ikatua Yuma, hakuna aliyekufa. Bati la jirani lilikuwa zima, na mpasuko ulikoma.

Kwa wanaonunua au kukodi ndege huku kwetu

737-200 zilifanya kazi miaka mingi Tanzania, Kenya na Kongo, lakini linalotuhusu leo zaidi ni aina ya safari. Dar es Salaam hadi Unguja ni kama dakika 20, juu ya bahari, na ndege inalala pembeni ya maji ya chumvi. Kwa propela au kwa jeti, hiyo ndiyo hesabu ya Hawaii. Ndege iliyofanya kazi hiyo ikiuzwa kwa saa zake itaonekana kijana.

Kwa hiyo kwenye daftari la ndege anza na safu ya mizunguko, ugawe kwa saa, na ulinganishe na uwiano ambao mtengenezaji aliutumia kupanga ukaguzi. Uwiano wako ukizidi, ratiba ya saa itupe, panga kwa mizunguko. Uliza maagizo ya lazima yalitekelezwa kwenye viungo gani na ni vipi vilivyoachwa kwa sababu havikutajwa. Kwenye bati, weka taa kwa ulalo, karibu kabisa na mwili wa ndege, na utazame kiungo kutoka mbali kidogo: palipo na kutu ndani, bati kati ya ribiti na ribiti huvimba, vichwa vya ribiti vinaonekana vimezama. Rangi iliyopasuka kwa mstari kwenye safu ya juu, au michirizi myeusi inayotoka nyuma ya kichwa cha ribiti, ni ribiti inayocheza. Mabaka mengi kwenye mstari mmoja wa kiungo yasikutulize kwamba pametengenezwa, kata sampuli. Na ndege ambayo kumbukumbu za mizunguko yake zina pengo kwa mmiliki mmojawapo, pengo hilo wakodishaji hulijaza kwa makadirio mabaya kuliko yote, na bei hushuka kulingana nayo.